Chuma Kilichopakwa Rangi

"Sijakataa kununua," alisema Kahonzi. "Nimeuliza, kimepakwa rangi ya nini?"

Alikuwa amesimama juu ya ubao wa mizani yake mwenyewe, mikono kiunoni, ili kisipite kitu kabla hajajibiwa. Mbele yake Peterson, mwanakandarasi kutoka bara aliyepewa kazi ya kubomoa kiwanda cha chokaa kilichofungwa zamani njia ya Kilifi, alikuwa akijifuta jasho kwa kofia. Lori lake lilikuwa limepakuliwa nusu. Mabomba, mikanda ya chuma, magurudumu ya mashine, vyote vimekuja na kutu yake kama vilivyozaliwa nayo. Kimoja tu kilikuja kimevaa buluu mpya, na unywele wa brashi bado umeganda ubavuni.

"Mama, rangi ni ya kuzuia kutu," alisema Peterson.

"Chuma kinakwenda tanurini, kiogope kutu? Basi na maiti tumpake wanja asije akachekwa kaburini."

Wapakuzi wawili wakacheka. Peterson hakucheka.

"Hii chuma ni kama ingine tu. Wewe pima, ulipe, mimi niende."

"Hiki si kama kingine. Ukubwa wa sufuria ya ugali, na watu wawili wamekishusha wakiguna. Na upande huu umepaka mara tatu. Chini ya rangi hii pana maandishi, au pana picha. Nionyeshe."

"Basi usinunue. Lakini ukikataa moja umekataa zote. Napeleka mzigo wote Mtwapa, kuna mtu ananingoja."

Hapo ndipo Kahonzi aliposhikwa. Yadi yake, nje kidogo ya Malindi penye njia ya Kakuyuni, ilikuwa na wiki tatu haijaingiza mzigo wa maana, na kodi ya kiwanja haijui wiki mbaya. Kahonzi akakitazama kile chuma cha buluu, akamtazama Peterson, akashuka kwenye ubao. Alijua anakosea wakati mguu wake unagusa mchanga. Hilo baadaye hakumficha mtu.

Na si mwanamke wa kukosea ovyo. Kahonzi alizaliwa Vitengeni, wa sita kati ya tisa, akasoma hadi darasa la nane, ada ya mbele ikakosekana. Akaolewa Kakuyuni na mwanamume aliyekwenda kukata mkonge Taveta akarudi mara mbili tu, mara ya pili kuja kuchukua redio. Watoto wanne akawalea kwa vizibo vya soda, misumari iliyopinda na mabati ya makanisa yaliyoezuliwa na upepo. Alipopata mizani yake akajiwekea sheria moja: hanunui asichoweza kukitaja jina. Kifuniko cha mtaro hapana, nyaya za umeme hapana, reli hapana. Mwaka ule serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, aliuza mihogo ya kukaanga hadi milango ikafunguliwa tena, na leseni mpya alipoipata aliitia plastiki akaitundika ukutani, juu kuliko picha ya harusi ya binti yake.

Kile cha buluu kilikuwa na kilo thelathini na mbili. Akakilipa kwa bei ya chuma, na jina lake hakulijua.

Lori lilipoondoka akachukua nyundo, akakigonga. Chuma kitupu hulia. Hiki kiliguna tu, kama mtu aliyeamshwa asipotaka. Akakwaruza penye parafujo kwa ncha ya kisu, pakatoka weupe laini wa kijivu. Risasi. Ganda la chuma, tumbo la risasi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, maana risasi ilikuwa ndiyo haja yake hasa.

Kule Ngomeni kulikuwa na fundi wa nyavu aitwaye Kiponda. Mkewe Pamela alikuwa mtu wa Vitengeni, wa ukoo mmoja na Kahonzi, kwa hiyo Kiponda alikuwa shemeji yake, na kati yao palikuwa na utani na ubishi kwa viwango sawa. Mwaka uliopita Kiponda alimpa Kahonzi wavu mkubwa wa nailoni wa kufunikia mizigo, kwa ahadi ya kilo sita za risasi. Wavu hauzami wenyewe. Kamba ya chini hufungwa chubwi, vipande vidogo vya risasi ambavyo Kiponda huyeyusha na kumimina kwa mkono wake. Kahonzi aliuchukua wavu na kulipa kwa maneno. Kila Ijumaa Kiponda alipiga simu, na kila Ijumaa simu ililia hadi ikachoka.

Jumamosi hiyo Kahonzi ndiye aliyempigia.

"Njoo na pikipiki yenye kamba madhubuti. Nina chuma chenye tumbo la risasi. Toa kilo zako sita. Zinazobaki, na zitabaki nyingi, uniletee mimi."

"Zitabaki ngapi?"

"Shemeji, anayelipwa deni hahesabu za mwenzake."

Kiponda alikuja kesho yake asubuhi, akakifunga nyuma ya pikipiki, akaenda zake. Kahonzi akaona ameua ndege wawili, tena bila ya kuokota jiwe.

Jumapili jioni Peterson akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mama, hiyo kitu ya buluu. Mtu akiuliza, wewe hukuona. Hata mimi sikuona."

"Kama hukukiona, ulikipakaje rangi?"

"Usicheze, mama. Watakuja na mambo ya leseni."

Akakata. Kahonzi akainua macho, akaitazama leseni ukutani.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, gari jeupe la serikali lilisimama langoni. Akashuka mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini, viatu vya ngozi visivyofaa mchanga, mkononi kisanduku cha manjano chenye mpini.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nyokabi. Natoka ofisi inayosimamia vifaa vya mionzi."

"Marahaba. Sina mionzi, nina vyuma."

Nyokabi alitoa karatasi yenye picha. Kilikuwa kile kile, ila kabla ya kupakwa: rangi yake ya zamani ya kijivu, na ubavuni alama ya manjano yenye mapanga matatu meusi yaliyozunguka kitone. Alieleza kwa utulivu. Kiwanda cha chokaa kilikuwa na vyombo vinne vya namna hiyo, vya kupimia chokaa imejaa kiasi gani ndani ya pipa kubwa bila ya kulifungua. Kiwanda kilipofungwa vikaandikwa, vikawekwa stoo, stoo ikatiwa kufuli. Wiki iliyopita alikuja kuvichukua apeleke mahali pa kuhifadhia. Alikuta vitatu na kufuli mpya; sasa alikuwa akizunguka yadi za vyuma, moja baada ya nyingine.

"Umekiona hiki, mama?"

Kahonzi hakugeuka kuitazama leseni, lakini aliijua ilipo kama mtu anavyojua mahali jino linapouma.

"Sijakiona."

Nyokabi aliwasha kisanduku chake. Kikaanza kulia, tik, kisha kimya, kisha tik. Akazunguka nacho yadi nzima, juu ya mabomba, chini ya mikanda, kwenye ubao wa mizani. Tik. Kimya. Tik. Sauti haikupanda hata pale chuma kilipolala usiku mzima. Kahonzi alikuwa akimfuata nyuma, na kila hatua aliona mlango wa kuponea unazidi kufunguka. Chombo hakipo. Mashine yake mwenyewe imesema hakipo. Angekaa kimya tu.

"Kikiwa kizima hakina shida kubwa," Nyokabi alisema, kama anayejisemea. "Ndani mna punje, ndogo kama ncha ya kidole hiki cha mwisho. Risasi ndiyo inayoilaza. Mtu akitoa risasi, punje inabaki wazi. Haina harufu, haina joto, huioni ikikudhuru. Ukiitia mfukoni asubuhi, baada ya siku chache nyama inaanza kuoza, na hospitali hawajui wakupe nini. Lakini nani atatoa risasi? Iko ndani ya chuma."

Kahonzi alisimama.

"Na mtu akiiyeyusha?"

Nyokabi akazima kisanduku. "Aiyeyushe kwa nini?"

"Kwa nyavu."

Ilimbidi amweleze, maana yule msichana wa bara hakujua kuwa wavu huvaa risasi. Alipokwisha kueleza, uso wa Nyokabi ulikuwa umebadilika. Hakufoka. Akauliza tu: "Ni wapi, na ni mbali gani?"

"Ngomeni. Ingia garini nikuonyeshe. Na ule uongo wangu utaniandikia baadaye, wino hautakauka."

Njiani Kahonzi alipiga simu. Ikalia hadi mwisho. Akapiga tena. Walipopita Mambrui alikuwa amepiga mara saba.

"Labda hayuko karibu na simu," alisema Nyokabi.

"Yuko nayo kifuani. Anaiona inalia, anasema: huyo Kahonzi amekumbuka risasi yake iliyobaki, anaitaka. Mwaka mzima mimi nimemkwepa yeye kwa kilo sita. Leo ananikwepa mimi kwa ishirini." Akaiweka simu mapajani. "Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo linanitisha."

Dereva alikuwa anakwenda mbio hadi karatasi zikawa zinaruka nyuma. Nyokabi akaanza kusema. Alisomea ng'ambo, mahali palipokuwa na kinu cha nyuklia kilichozeeka na kuzimwa. Kukijenga kulichukua miaka sita. Kukivunja, walioanza kazi hiyo wakiwa vijana walikuwa wanastaafu na haijaisha. Kila bomba lina namba. Glavu za mfanyakazi zina namba. Taka hafifu pipa lake, taka kali pipa lake, na kila pipa lina daftari, kwa sababu pipa litaishi kuliko mtu aliyeliandika.

"Na hapa pwani twaambiwa tutajengewa kinu," alisema Kahonzi. "Nilikwenda kwenye mkutano. Nikainua mkono, nikauliza: kikishazeeka kitavunjwa na nani, na vyuma vyake vitakwenda kwa nani? Bwana mmoja mwenye tai akaniambia, mama, hilo ni jambo la miaka sitini ijayo. Watu wakacheka. Mimi nanunua vyuma vizee, binti yangu. Najua miaka sitini hufikaje. Hufika siku ya Jumamosi, juu ya lori, imepakwa rangi."

Nyokabi alitazama nje, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni yaliyokuwa yaking'aa hadi kuumiza macho.

"Mimi si wa kujenga, mama," alisema. "Mimi ni wa kufagia."

Walimkuta Kiponda amekaa kwenye banda lake la makuti, sindano ya nyavu mkononi, miguu ameinyoosha. Wavu mpya ulikuwa umetandazwa kwenye uzio kutoka mlango wa nyumba hadi kwenye mkoko. Pamela alikuwa jikoni, kibanda cha kando, anasikika akisukumasukuma vyombo.

"Karibu, shemeji," alisema Kiponda bila ya kuinuka. "Leo umekuja na gari la serikali. Deni langu limekuwa kubwa kiasi hicho?"

"Mbona hupokei simu?"

"Imekufa chaji."

Kahonzi akabonyeza simu yake. Mfuko wa shati la Kiponda ukaanza kuimba taarabu. Kiponda akaufunika kwa kiganja hadi ikanyamaza.

"Kile chuma kiko wapi?"

"Nimekwisha kukiyeyusha. Umenipunja, shemeji. Ganda kubwa, ndani hamna kitu. Kimetoa kilo sita na ushei, basi."

"Ganda liko wapi?" Nyokabi aliuliza.

"Nimelitupa majini."

"Na kile kilichokuwa katikati? Kipande kidogo, kigumu?"

"Kila kitu majini. Na chubwi ameshazichukua mvuvi wangu Ngowa, yuko nazo huko nje." Akaonyesha bahari kwa kidevu.

Nyokabi alikuwa amewasha kisanduku, nacho kilikuwa kinalia polepole, lakini kwa haraka kidogo kuliko kule Malindi. Kahonzi alisikia tofauti hiyo kwenye ngozi ya kichwa. Alimtazama Kiponda, kisha akautazama wavu. Kamba ya juu ilikuwa na vielea vyake vyote, vimepangwa vizuri kama meno ya mtoto. Kamba ya chini ilikuwa tupu.

"Wavu huu wa nani?"

"Wa Ngowa."

"Na Ngowa yuko baharini na chubwi. Amezifunga wapi, shingoni?"

"Waniita mwongo nyumbani kwangu?"

"Nakuita shemeji. Mwongo umejiita mwenyewe."

Kiponda akaitupa sindano. Alikuwa mtu mkubwa, na hasira yake ilipanda taratibu kama maji ya bamvua, lakini ikipanda inafika. Mwaka mzima, alisema, mwaka mzima ameomba haki yake kama ombaomba. Sasa amepewa, na kabla ya siku tatu mwenyewe anakuja na mwanamke wa ofisi na mashine ya kulia, kumtisha ili anyang'anywe. Sasa amlalamikie nani? Aende kwa chifu?

Wakati anasema, Pamela alitoka jikoni na kikapu kitupu.

"Mwagombana nini na wageni hawajapewa hata maji? Ngoja nichukue makumbi niwashe moto."

Akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye lundo la makumbi ya nazi wanayotumia kwa kupikia. Kiponda akakatiza maneno yake katikati.

"Chukua kuni," alimwambia. "Makumbi yameloa."

"Yameloa na nini? Mvua iko wapi?"

"Pamela!" Kahonzi aliita, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kupanda. "Simama hapo ulipo. Usiongeze hatua."

Pamela akasimama, kikapu kikining'inia. Kisanduku cha Nyokabi, ambaye alikuwa amemfuata hatua nne tano, kilikuwa hakitengi tena sauti na kimya. Nyokabi akampungia mkono arudi, naye mwenyewe akarudi kinyumenyume.

"Kiko huko," alisema Nyokabi kwa sauti ndogo. "Lakini lazima nijue kiko vipi. Kizima, au kimefunguliwa. Nikikosea, nitakaribia kwa upande mbaya. Mzee, tafadhali."

Kiponda aliinama, akaiokota sindano yake. Alikuwa ameshasema kimekwisha; kusema sasa kipo ni kukubali mbele ya mkewe kwamba ameiba kilo ishirini. Mwanamume mzima huweza kufa kwa kitu kidogo kama hicho, na Kahonzi alikuwa amewaona wengi. Akamsogelea, akakaa chini mchangani mbele ya miguu yake, jambo ambalo hakuwa amemfanyia hata mumewe.

"Shemeji, nisikilize. Sikuja kuchukua risasi iliyobaki. Iliyobaki si yangu wala si yako, itakwenda na huyu binti, hata zile sita zako zitakwenda. Wewe utabaki huna kitu. Na mimi nitabaki na deni lako. Nasema mbele ya Pamela: kilo sita nadaiwa, sijalipa hata robo. Nilikupa kitu kibaya. Sikukijua, lakini niliona kimepakwa rangi nikanyamaza, kwa hiyo ni kama nilikijua."

Kiponda akamwinamia. Kisanduku kilikuwa kinatatarika.

"Wataka kudaiwa tena?"

"Nataka kudaiwa."

Akajikuna ndevu. "Mtu hatoki Malindi mbio hadi huku ili aongezewe deni," alisema hatimaye, kwa Pamela zaidi kuliko kwa wao. "Kiko chini ya makumbi. Nilikata parafujo asubuhi hii. Nikakiweka juu ya mafiga, risasi ikaanza kudondoka upande mmoja, kama sahani moja hivi. Halafu huyu akanifukuza."

"Nilimtoa kwa mwiko," alisema Pamela. "Moshi mchungu ulikuwa unaingia kwenye mchuzi wangu. Nikamwambia, upike chuma chako kwa mama yako."

"Ulikaa nacho muda gani?" aliuliza Nyokabi.

"Kama wa kunywa kikombe cha chai. Na nusu."

"Pale risasi ilipotoka ulipagusa?"

"Kilikuwa cha moto. Nilikibeba kwa gunia."

Nyokabi aliandika. Kisha akaanza kazi. Alipima mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama, akaomba kamba, na Kiponda mwenyewe akaikata kamba ya wavu wa Ngowa bila ya kuulizwa, wakaizungushia nyuma yote ya nyumba. Majirani walioanza kukusanyika walirudishwa na ulimi wa Kahonzi, ambao siku hiyo ulipata kazi halali. Nyokabi akaomba ufito mrefu. Akaletewa upondo wa mashua. Akaitega simu yake ijipige picha yenyewe, akaifunga kwenye ncha kwa uzi wa nyavu, akalala kifudifudi mchangani, akasukuma makumbi kando kwa upondo, moja moja, akangoja picha, akauvuta.

Wote watatu walikuwa wamesimama nje ya kamba wakimtazama mgongo. Kahonzi alijikuta anahesabu: moja, mbili, tatu, kama anayesubiri mizani itulie.

Nyokabi alirudi, akakuza picha. Ubavu wa chombo ulikuwa umeliwa, risasi imeyeyuka na kuacha kinywa. Ndani ya kinywa, kwenye risasi iliyoganda tena, ilionekana ncha ya kitu cha mviringo kinachong'aa.

"Haijatoka," alisema. "Imeshikwa nyuma. Ingebaki dakika kumi nyingine juu ya moto, ingeanguka kwenye majivu."

Pamela akaikagua mikono yake. Majivu ya jikoni huyazoa yeye, kwa mikono hiyo.

Kilichofuata kilikuwa mchanga. Kahonzi na Kiponda walijaza magunia nje ya kamba, bega kwa bega. Nyokabi akayapokea, akayaburuta juu ya kipande cha wavu hadi alama aliyoiweka, akayasukuma kwa upondo hadi yakafunga kile kinywa. Gunia la kwanza, kisanduku kilipungua ukali. La tatu, kikaanza kutenga sauti. La sita, tik, kimya, tik. Nyokabi alikuja akakaa kando ya Kahonzi, viatu vyake vimejaa mchanga, akaomba maji.

Wenzake walifika kutoka Mombasa alasiri, na sanduku la risasi lenye kuta nene kama ngumi, na koleo ndefu. Walimaliza kwa muda mfupi kuliko wa kupika wali. Wakachukua chombo, wakachukua risasi iliyodondoka, wakachukua hata sufuria iliyoikinga.

"Na sufuria yangu?" aliuliza Pamela.

"Nayo, mama. Mpaka ipimwe."

"Iandikeni namba basi, nijue ninaidai nani."

Kiponda alipelekwa hospitali Malindi, akatolewa damu mara tatu kwa wiki mbili. Kwenye kidole gumba cha kulia palikuwa na wekundu ambao daktari aliutazama kila alipokwenda, na kila alipokwenda ulikuwa umepungua. Peterson aliitwa kituoni kueleza rangi ile ilinunuliwa wapi na kwa nini. Kahonzi naye aliandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka kuandikiwa: Nilikiona kimepakwa rangi. Nikauliza. Sikujibiwa. Nikanunua. Nilipoulizwa nikasema sijakiona. Leseni ilisimamishwa hadi uchunguzi uishe. Aliishusha ukutani yeye mwenyewe, akaifuta vumbi, akaikabidhi.

Kwa hiyo hakuwa na yadi, na hakuwa na mzigo wa kupekua risasi. Akaanza kuzunguka kwa mafundi wa magurudumu Malindi nzima, akiomba vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike. Vingi siku hizi ni vya chuma. Sumaku yake ilivikamata akavirudisha. Vya risasi vilianguka, navyo alivitia kwenye kopo la maziwa. Siku nyingine alipata vinne. Siku nyingine alipata matusi, akayarudisha na riba. Kopo lilipokuwa zito alimpigia Nyokabi, akamwambia aje alipime kwanza, na Nyokabi alipopita Malindi kikazi akaja kweli, akalipitishia kisanduku. Tik, kimya.

Ilikuwa wiki ya saba alipofika Ngomeni na lile kopo. Kiponda alikuwa anafunga vielea. Akaliangalia kopo, akaenda kuchukua mizani yake ya kuning'iniza. Kahonzi alijitazamia mwenyewe mshale ukipanda, ukatulia kwenye tano na robo.

"Haijatimia," alisema kabla hajaambiwa. "Robo tatu nitaileta mwezi ujao. Mafundi wa Watamu sijawafikia."

Kiponda alimimina vile vipande kwenye ungo, akavichambua kwa kidole gumba, kile kilichopona, akaokota kimoja akakiuma.

"Robo tatu nimekusamehe."

"Sitaki kusamehewa. Nitaleta."

"Nimesema nimekusamehe, Kahonzi. Pamela, mletee shemeji yangu kiti."

Kiti kikaletwa. Kahonzi akakaa.